Mtu wa Bati Kutoka Endebess

Niseme mapema kwamba sikuwa mwenda wazimu. Watu wa Kitale waliopita sebuleni kwangu miaka ile ya elfu mbili waliondoka na mashaka, na wengine hawakujisumbua kuyaficha. Kabati la vioo ambamo wenzangu walipanga chupa za chai, glasi za harusi na sahani zisizoliwa na mtu, mimi nilipanga roboti. Roboti za bati za kutiwa ufunguo, vyombo vya kwenda mwezini vya plastiki iliyokwisha kugeuka manjano, bastola za kutoa cheche, barakoa ya kiumbe mwenye macho matatu. Ukutani, mahali pa kalenda ya kanisa, palikuwa na bango la sinema: sahani kubwa inaruka juu ya mji, watu wanakimbia, na mwanamke mmoja amepanua mdomo mpaka koo linaonekana. Bango hilo nilimbembelezea mzee mmoja aliyekuwa amelipigilia kwenye dari yake kuzuia vumbi, tangu jumba la sinema la zamani lilipogeuzwa kanisa.

"Hizi ni za mtoto?" wageni waliuliza.

"Ni zangu."

Hapo chai ilinywewa haraka haraka. Walijua sina mtoto. Mama mmoja wa kanisa aliwahi kuniombea papo hapo, mkono mmoja juu ya kichwa changu na mwingine juu ya kioo cha kabati. Nilimwacha amalize nikamwongeza mandazi. Kidonda kilikuwepo, sikatai, lakini hakikuhusiana na bati. Vitu hivyo nilivipenda kabla sijajua hata maana ya kuolewa.

Nilizaliwa upande wa Endebess, ambako baba alikamua ng'ombe kwenye shamba kubwa la watu. Jioni moja gari la sinema ya bure lilikuja shambani, na kati ya tangazo la sabuni na la dawa ya kupe wakatuonyesha kipande cha picha ambamo mtu wa chuma alishuka kutoka katika chombo cha angani. Watoto walitimka mpaka kwenye mahindi. Watu wazima pia walitimka, ingawa kesho yake kila mmoja alidai alikuwa ameenda kujisaidia. Mimi nilibaki nimekaa. Sikuwa shujaa, nilitaka tu kuona atafanya nini na mikono ile mikubwa. Kipande kikakatika, wakaendelea na sabuni, na sikujua alichofanya.

Nilipoajiriwa ukarani katika ofisi ya kilimo, kazi ilinirudisha kwenye mashamba yale yale. Katika stoo ya nyumba moja ya zamani, nyuma ya mikebe ya maziwa iliyotoboka, nikamkuta amelala kifudifudi. Mtu wa bati, kimo cha chupa ya soda kubwa, macho mekundu, mbonyeo juu ya jicho la kushoto, ufunguo mgongoni bado upo. Nikauzungusha, akatembea hatua chache kwenye simiti akainua mikono yote miwili. Mwenye shamba akasema nichukue takataka yangu niende. Nililia njia nzima kurudi mjini, na dereva wa ofisi akadhani nimefiwa.

Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Wengine walikuja mmoja mmoja, baadhi kwa akina mama wa mtaa wa Kipsongo waliookota chuma kuukuu na kunipitishia ofisini kabla ya kwenda kwenye mizani. Lakini walio wengi walitoka Bungoma, kwa wifi yangu, dada ya mume wangu. Tuliitana mulamwa, kama wanavyoitana mashemeji na mawifi kwao, na nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Nalisema hilo bila kusita kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wifi aliuza mitumba sokoni. Asiyejua biashara ile aelewe jambo moja: belo, lile furushi kubwa la nguo lililokazwa, likikatwa, vile vitu bora vya juu huitwa kamera, na vinavyobaki baada ya mikono ya watu wote huitwa fagia, humwagwa chini kwenye turubai kila mtu ajipatie. Muuzaji ana mtu wake, mmoja tu, ambaye humtolea kamera kabla wateja hawajasogea. Kuwa mtu huyo ni heshima isiyotangazwa. Unaweza kualikwa harusi ya mtu na usiwe mtu wake wa kamera.

Ng'ambo, watu wakihama au wakifa, vitu vya watoto wao huchanganywa na nguo vikafungwa. Kwa hiyo wifi akikata belo la watoto, mara nyingine kulikuwa na roketi ndani, au roboti iliyokosa mguu. Alinipigia simu papo hapo.

"Mulamwa! Leo nimekuwekea kamera. Iko na taa kwa tumbo!"

"Usimwonyeshe mtu!"

"Nimwonyeshe nani? Si wewe ndio mwenda wazimu peke yako huku kwetu?"

Tulicheka mpaka salio likaisha. Mume wangu alikuwa mwalimu, na wakati huo alikuwa amehamishiwa Bungoma. Alirudi Kitale kila Ijumaa jioni na mfuko wa karatasi kutoka kwa dada yake. Aliuweka mezani kabla hata ya kuomba maji. Jumamosi tulisafisha pamoja, yeye na mswaki wa zamani, mimi na sindano ya kutolea uchafu kwenye viungo. Alikuwa na subira ya ajabu. Wanawake wenzangu walisimulia waume wanaolewa, wanaopiga, wanaouza mahindi yangali shambani, nami nikajisikia kama niliyebahatika.

Nilijua alama za kila kimoja. Palikuwa na chombo cha mwezini chenye alama za meno ubavuni, meno madogo sana. Nilizipenda alama hizo. Nilijiambia kwamba ni za mtoto wa Ulaya wa zamani, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, na nikambunia hadi jina. Katika goti la roboti moja nilitoa kitu chekundu cha udongo udongo nikamwambia mume wangu, "Ona kutu hii." Akaitazama, akasema kutu ya nchi za baridi ni mbaya. Nilivifuta vitu vile kwa upole wa mtu anayemwosha mgonjwa.

Kisha springi ya mtu wangu wa bati ikakatika. Kitale hakukuwa na fundi niliyemwamini. Wifi akasema anamjua fundi wa saa pale Bungoma, mzee mwenye mikono myepesi, nami nikamfunga mtu wangu kwa kanga nikampa mume wangu ampeleke. Wiki zikapita. Mwishowe wifi akanipigia, sauti chini: fundi amehamia Uganda na vitu vya watu. Nililia tena, safari hii kwa siri, maana hata mimi nilijua ningeonekanaje. Mume wangu alinishika bega. "Tutapata mwingine," akasema.

Mwaka uliofuata baba mkwe alifariki, tukaenda kumzika nyumbani kwao, karibu na Misikhu. Mkaza mwana hana muda wa kukaa kwenye viti vya hema. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni na wenzangu, wake wa ndugu za mume wangu, tunapakua chai kwa ndoo. Adhuhuri mwendesha shughuli akaita kwa spika: watoto wa marehemu wapige picha na jeneza, wakapiga. Wakaza wana, tukaenda tukapiga, na aproni zetu. Kisha akaita, "Wajukuu! Wajukuu wote waje mbele wapige picha na kuka!" Kuka ni babu kwa lugha ya kwao. Mimi hapo huwa narudi jikoni. Sina wa kumpeleka. Sijui kwa nini siku hiyo niligeuka.

Nilimwona mtu wa bati kwanza. Alikuwa amebanwa kwapani, miguu nyuma, uso mbele, na juu ya jicho la kushoto palikuwa na ule mbonyeo. Nilisogea. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sekunde nzima. Nilidhani ameokotwa mahali. Ndipo nikapandisha macho nikaona aliyembeba. Msichana wa umri wa darasa la kwanza, gauni jeupe, na paji la uso la mume wangu, lile lile pana, hata namna ya kukunja kipaji jua likiwaka. Wifi alimshika mkono.

"Huyu wa Bungoma asimame mbele, ni mfupi," mama mkwe akasema.

Wa Bungoma. Alikuwa hata na jina la kumtofautisha na wengine. Niliwatazama wenzangu wa jikoni, na kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini. Mume wangu alisimama upande wa wanaume. Aliniona, nikaona ameniona, akavua kofia kana kwamba jeneza ndiyo kwanza limefika.

Nikapiga nduru. Matangani nduru ni halali, na hakuna anayekuuliza unamlilia nani. Nililia mpaka wakanishika mikono wakanikalisha, na nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akisema kwamba huyu mkaza mwana wa Kitale alimpenda mzee kweli kweli, hata watoto wake wa kuzaa hawajalia hivi. Wakanipa maji. Nikayanywa.

Jioni nilimkuta wifi nyuma ya jiko akisugua sufuria kwa majivu.

"Mulamwa, usiniangalie hivyo. Leo tuko na matanga."

"Fundi alihamia Uganda?"

Akaendelea kusugua. "Mtoto alimpenda. Nilimpitisha kwake siku moja tu akakataa kumwachilia, akalia mpaka akatapika. Sasa ningefanya aje?"

"Ulimpitisha kwake kufanya nini?"

Hapo ndipo akainua uso, na hakuwa na aibu. Alikuwa na uso wa mtu anayesingiziwa.

"Si zote zilikuwa zinapitia kwake? Nikikata belo anachagua, anacheza, akichoka nakutumia. Lakini zote nilikutumia, mulamwa. Hakuna hata moja nilikunyima, isipokuwa huyo. Ati sasa mimi ndio mbaya? Mtoto angecheza na nini? Ungekuwa na wako ungeelewa."

Alilisema hilo la mwisho polepole, bila ukali, na ndiyo sababu sijaweza kulisahau. Mume anayelala mbali siku tano kwa wiki, hata mjinga hujiuliza, nami nilikuwa nimejiuliza mara mbili tatu nikajinyamazisha. Wifi sikuwahi kumtilia shaka. Alikuwa na mtu wake wa kamera, na mtu huyo alikuwa na meno ya maziwa. Mimi miaka yote nilikuwa nangoja kwenye turubai na kushukuru. Yule mtoto wa Ulaya niliyembunia jina alikuwa anakaa Bungoma. Na ile kutu niliyoitoa gotini kwa sindano ilikuwa uji wa wimbi, na mume wangu aliyekaa mkabala nami na mswaki mkononi aliujua uji huo, maana huenda yeye ndiye aliyeukoroga.

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimeshika mwiko, na nadhani aliuona, kwa sababu alisimama. Lakini mtoto alikuwa ametokea kwenye kona ya jiko, gauni jeupe limechafuka kwa udongo wa kaburi, mtu wa bati bado kwapani. Alinitazama bila kuogopa.

"Anti, ni wewe unakaa Kitale?"

Wifi akamwambia arudi kwa wenzake. Hakurudi.

"Ni mimi," nikasema.

Uso wake ukafunguka wote. "Baba alisema ni wewe unaniwekea vitu zangu. Alisema uko na kabati ya glasi, ati unazipanguza kila Saturday ndio zisiharibike, mpaka nikuwe mkubwa nikuje kuzichukua."

Nilimtazama wifi. Safari hii ndiye aliyetazama chini.

"Iko kabati?" mtoto akauliza. "Baba alidanganya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini, na lilikuwa haki yangu kuliko ya mtu yeyote katika boma lile. Alikuwa amesimama akisubiri, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Kabati iko," nikamwambia.

Akamtoa mtu wa bati kwapani, akamfuta uso kwa pindo la gauni, akamtia ufunguo kunionyesha. Ufunguo ulizunguka bure, bila kushika kitu.

"Huyu ameharibika. Nimemaliza na yeye," akasema, akaninyooshea. "Mwekee pamoja na wengine."

Nilikuwa nimemlilia karibu mwaka mzima. Nikaweka mwiko chini, nikapangusa viganja kwenye aproni, nikampokea kwa mikono miwili, jinsi nilivyofunzwa kupokea kitu cha mtu.