Matanga Kwenye Mstari wa Taa

Siku zile za Zaire kazi yangu katika uwanja wa ndege wa Kindu ilikuwa taa. Si zile za umeme. Hizo zilikuwa kwenye nguzo zake, nzuri kabisa, zikingoja mazutu, dizeli ya mashine ya umeme. Zangu zilikuwa za chemli. Ndege ikichelewa mpaka jua likaanza kuzama, nilizipanga mstari mmoja ulionyooka nje ya kichwa cha uwanja, katikati ya mihogo ya watu, ili rubani aufuate na kuikuta njia ya kutua mbele yake.

Kwa kuwa ndege za jioni zilikuwa chache na vifo havikuwa vichache, mji mzima uliazima taa hizo kwa matanga. Sikuweza kukataa. Aliyenyima taa za matanga Kindu ajiandae kuzikwa na mke wake peke yake. Mkubwa wa uwanja, mwenye abakosti mbili, yale makoti ya serikali yasiyovaliwa tai, zote na beji ya Chama, alijua na kunyamaza, maana mama mkwe wake pia alililiwa kwa taa zangu.

Basi siku moja taa zote zilikuwa kwa mfanyabiashara wa mpunga, jirani wa uwanja, aliyefiwa na mama yake. Mke wangu alikuwa Kisangani, amepasuliwa tumbo, nami nilikuwa sijamwona tangu mvua zianze. Alikuwa arudi na ndege ya mchana. Mchana ukapita. Jua likiwa limeinama, redio ikasema ndege iko njiani, na rubani asipouona mstari atageuza. Ndege nyingine ingekuja itakapopenda. Niliogopa sana. Mtu aliyeshonwa tumbo si gunia la kurudishwarudishwa.

Nilikwenda mbio kwa mfiwa, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kumlilia mama yake gizani. Nikasema sawa, nikakaa mkekani kati ya waombolezaji. Mfiwa akanigeukia.

“Ndugu, taa haiwezi kutoka ku kilio,” akasema. “Lakini kilio inaweza kutoka.”

Matanga yote yakainuka na mikeka yake na sufuria lake la wali, tukaenda kwenye mihogo. Taabu ilianza kwenye kupanga. Niliwaambia kila mmoja ashike taa yake, akae mbali na mwenzake. Walinishangaa. Kwenye matanga hakuna anayekaa peke yake. Wakajikusanya makundi mawili, wanaume huku, wanawake kule, kama ilivyo desturi. Mkubwa wa uwanja akaja akasema rubani atatua juu ya wanawake. Mwishowe tukaafikiana: watu wawili kwa kila taa, mstari mmoja, wanawake upande wa uwanja. Mimi na mfiwa tukachukua taa ya mbali kabisa.

Ndege ikatupitia juu ya vichwa, ikashika mstari, ikatua. Wanawake hawakukatiza kilio hata kidogo.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni mke wangu. Aliposhuka aliwaona majirani zetu wamejipanga, wanalia, wameshika taa za mume wake, na mume mwenyewe hayupo. Akaanza kunililia.

Nilimsikia nikiwa bado mbali, nakuja na mfiwa na taa yangu. Alisema nilikuwa mtu mwema, sikumlaza mtu njaa, na hatapata mwingine kama mimi. Katika miaka yetu yote ya ndoa sikuwahi kusikia hata moja kati ya hayo. Nilipunguza mwendo kidogo.

Nilipofika alinyamaza. Akanigusa shavu, akanigusa kifua.

“Baba watoto, uko muzima?”

“Niko muzima.”

“Sasa ile machozi yangu yote ni ya nani?”

“Ya mama ya huyu baba,” nikasema, nikimwonyesha mfiwa. “Haitapotea.”

Alimtazama mfiwa, akakaza kitenge juu ya kidonda chake, akaketi polepole kati ya wanawake, akaendelea palepale alipoachia. Alisema marehemu alikuwa mtu mwema, hakumlaza mtu njaa. Nilisimama nyuma yake na taa. Furaha ilitaka kunipasua, lakini yalikuwa matanga ya watu, kwa hiyo nilikaza uso.