Pikipiki Iliyosomewa Fatiha

Juzi nilipanda moto, hizi pikipiki za abiria, kutoka Masoro kurudi Nyamirambo. Dereva, kijana tu, akaniambia, "Mama, kaa vizuri, kiti yangu iko laini." Kweli kilikuwa laini. Tukapita shimo la kwanza nisihisi kitu, na hapo hapo hasira ikanipanda. Maskini, yeye hakuwa na kosa. Wenye kosa nawajua mimi, na leo nitawasema.

Wewe uliyekulia Biryogo kama mimi utakumbuka baraza za mafundi cherehani, pasi za makaa, harufu ya mandazi ikichanganyika na vumbi jekundu. Baba alishona kanzu na nguo za watoto. Mimi, niliyeacha shule darasa la nne, nilikata nyuzi na kupuliza makaa ya pasi. Siku za soko baba alimpakia mama na furushi la nguo kwenye pikipiki, wakaenda kuuza Ndera, siku nyingine Kinyinya. Mama ndiye aliyejua kuuza. Baba alikuwa na haya. Mteja akikunja uso tu, yeye tayari anafunga furushi arudi nyumbani.

Pikipiki yake ya kwanza ilikuwa punda. Springi zilikufa zamani, usukani ulivutia kushoto, na kwenye mteremko baba alipigana nayo kama mtu aliyeshika fahali pembe. Bibi, mama yake baba, alisema mtu akipanda piki ile hawezi kumsahau Mungu, maana kila shimo anamtaja. Tulicheka sana. Kicheko kikaisha mama alipoharibikiwa na mimba, kisha na nyingine. Ilipoingia ya tatu, muuguzi wa zahanati hakuzunguka maneno: "Mama, hii piki iko nakula watoto wako. Usiipande tena."

Baba akamwendea jirani yetu, mwenye duka la kona. Huyo alikuwa na pikipiki nzuri ajabu: kiti kipana, springi zinazopumua, ukiigusa kidogo tu inakata kona. Lakini alikuwa ameshapata gari, piki ilikaa tu. Wakakubaliana. Baba atoe ya kwake, ambayo injini yake ilikuwa na nguvu na jirani aliitaka kwa mashine yake ya kusaga, tena awashonee watu wa nyumba yake nguo za Idi mbili. Yeye atoe hiyo laini.

Sasa sikia tulivyofanya. Kwetu, kuandikiana karatasi na mtu mnayekula naye sinia moja ilikuwa kama kumtukana. Jambo kubwa lilisomewa Fatiha mbele ya mashahidi, kama posa, likaisha. Wakaja muuza nyama na mwalimu wa chuo aliyetufundisha Kurani. Mwalimu akasoma, wote wakapangusa nyuso, pilau ikaliwa. Bibi naye akatoka na chetezo chake, akaizungusha piki kwa moshi wa ubani, makaa yanawaka chini ya tangi la petroli. Muuza nyama akaruka nje na tonge mkononi. "Bibi, utatuzika kabla hatujashiba!"

Miezi ile, rafiki yangu, ilikuwa mitamu. Mama alirudi kutoka Ndera amelala kwenye mgongo wa baba, na furushi lililokwenda na nguo limerudi na maparachichi na maharage mabichi. Tumbo lake likakua. Jioni nilimenya maharage naye barazani, naye akiimba polepole kwa tumbo, si kwetu sisi.

Kisha mkubwa mmoja wa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, akaitamani ile piki. Na mwenye duka alikuwa anatafuta kibali cha kugawa sukari ya mtaa mzima, na mtoa kibali ni mkubwa huyo huyo. Umeshaelewa. Ijumaa moja baada ya sala mwenye duka akaja na polisi wawili, akasema piki ni yake, alimwazima baba tu.

Baba hata hakubishana. Alitabasamu, akawaita mashahidi wake, kwa sababu alikuwa nao.

Muuza nyama akasema, "Mimi nilikuja kula, ndugu yangu. Mambo ya piki sikuyasikia."

Mwalimu aliangalia ndala zake. Akasema Fatiha husomwa kwa mambo mengi, pengine ile ilikuwa ya afya ya bibi.

Bibi alikuwa mlangoni. "Pilau yangu ilikuwa na mfupa gani, mwalimu, uliokukwama mpaka leo?" Mwalimu akageuka akaenda zake. Ramadhani ile nyumba yake haikukosa sukari, wala ya muuza nyama.

Piki ikasukumwa ikaenda. Ile ya zamani nayo ilikuwa imeshavunjwa, injini yake inasaga mahindi ya jirani. Tulisikia mlio wake kila asubuhi. Baba akajaribu kwenda sokoni peke yake, akarudi na furushi zima. Basi mama akaenda. Alidandia lori mpaka Remera, halafu kwa miguu mpaka Ndera, mzigo kichwani, matope ya masika. Baba alimsihi abaki. Mama akamuuliza, "Tutakula nini, baba watoto? Fatiha?"

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Wa kiume. Alipumua mpaka adhuhuri.

Nimenusurika mambo makubwa kuliko hilo, na watu huniuliza kwa nini bado nasema habari za pikipiki. Nasema kwa sababu siku mambo makubwa yalipokuja, mauaji ya mwaka tisini na nne, wengine walishangaa majirani kugeuka. Mimi sikushangaa. Nilishawaona wakiangalia ndala zao.

Sasa Biryogo imepakwa rangi, vijana wanakunywa chai barabarani na kupiga picha. Mafundi wamebaki wachache. Mkataba siku hizi ni karatasi na mihuri, hata kati ya ndugu, na watu wanaita hayo maendeleo. Sawa. Lakini baba yangu hakuwa mjinga. Aliamini watu aliokula nao, na wao ndio waliompotezea imani ile, yeye na mtaa wote: mwenye duka, muuza nyama, mwalimu.

Mama, mpaka anaondoka duniani, akiulizwa ana watoto wangapi alijibu wanne. Tulikuwa watatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsahihisha.