Ng'ambo ya Mawe Mekundu

Jirani yangu hapa Nairobi anafuga kanga. Kila asubuhi wakianza kelele zao juu ya ukuta, ule mlio mkavu kama mlango usiotiwa mafuta, nyayo zangu hufa ganzi, nami husimama pale pale nilipo, kikombe mkononi, mpaka wanyamaze. Wewe unayenisoma ndiye wa kwanza kuambiwa kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Amani ya Sudan ilikuwa imetiwa saini, nasi tulikuwa tumerudi Juba na magodoro yetu na Kiswahili chetu cha Nairobi. Tulikaa mtaa wa Atlabara kwa mdogo wake mama, Poni. Juba mama mdogo huitwa khalti, kwa hiyo kwetu alikuwa Khalti Poni. Siku za kazi alichora mabango ya maduka ya Malakia: kuku wa kukaanga, simu, mikasi ya kinyozi. Jumapili, baada ya kanisa, alichora vya moyo wake, kwa kipande cha mkaa juu ya karatasi la boksi: ganda la karanga, mzizi, kinyesi cha mbuzi. Ndiyo, kinyesi cha mbuzi. Mama alikataa katakata kisitundikwe sebuleni.

"Wewe wa Nairobi unaona na macho ya supamaketi," Khalti alinitania kwa Kiswahili chake alichokiokota Uganda. "Niletee kitu moja Mungu alitengeneza, halafu watu wakapita tu. Lakini kitu mtu amepaka rangi, usilete. Hiyo napaka mimi kila siku sababu ya tumbo."

Wiki nzima nilitafuta. Nilimpelekea kokoto, akaigeuza kiganjani, akanirudishia. "Hii hata wewe mwenyewe hujaiangalia." Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani achore kilichookotwa na mimi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Rejaf kuliona shamba la babu. Mama akabaki nyumbani kwa ndugu, Khalti akakaa kando ya njia akichora nyasi iliyotoa ua. Nikasikia kanga. Niliwafuata, wakaruka kwa kishindo, na mmoja akaacha unyoya umesimama wima katikati ya majani.

Kati yangu na unyoya ule palikuwa na safu ya mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Shuleni kwetu Nairobi mawe ya rangi yalipangwa kandokando ya njia ya ofisi ya mwalimu mkuu, kuyapendezesha maua. Nikakumbuka sharti la Khalti. Rangi ya mtu, hayana maana. Nikayaruka.

Madoa meupe ya unyoya yalikuwa yamepangwa sawasawa, ila karibu na shina lake yalikosea mstari kidogo, kana kwamba aliyeyachora alicheka.

"Khalti! Nimepata!"

Akainua kichwa. Mkaa ukamtoka mkononi. Nilitarajia kelele, lakini sauti yake ilitoka ya kawaida, kama ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Kiden. Simama. Mguu isitoke hapo. Hiyo mawe ni ya mabomu. Iko chini ya udongo, ya vita."

Mabomu ya ardhini tulikwisha kuonywa, lakini mimi nilikuwa nimewaza chuma kinachoonekana, si majani mazuri, si mahali kanga wanapotembea. Mkojo ukanitiririka mguuni.

"Geuka polepole, hapo hapo. Ulikanyaga wapi?"

"Sijui."

"Unajua. Angalia chini. Niambie unaona nini."

"Majani."

"Majani ni mengi! Hiyo moja inafanya nini?"

"Imelala... Imevunjika shingo. Kuna vidole vyangu viwili."

"Weka mguu juu ya vidole yako. Halafu?"

Nikaona siafu wakipita juu ya kisigino changu kilichochapika vumbini. Nikaona mbegu iliyopasuka. Hatua tisa. Sijawahi, hata katika kuandika, kuitazama dunia namna ile.

Nilipovuka mawe, nilimnyooshea unyoya. Aliupiga ukaanguka, akanikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, kisha akatapika kando ya njia. Unyoya tuliuacha pale. Mama alipoambiwa hakusema naye siku tatu.

Miaka mingi nilidhani Khalti alizaliwa na jicho la msanii, na kwamba siku ile jicho hilo liliniokoa kwa bahati tu. Mama ndiye aliyenieleza, nikiwa mtu mzima. Wakati wa vita, watu wao walipokimbilia Uganda kwa miguu, baada ya aliyetangulia kulipukiwa na bomu, Poni wa miaka kumi na minne ndiye aliyewekwa mbele. Alitembea ameinama, akisoma kila jani, wengine wakikanyaga alipokanyaga.

Niliposikia hayo nilikwenda kuzitazama upya picha zake, na nikashindwa kukaa nazo chumba kimoja. Kila jani alilolichora kwa upendo ule, aliwahi kwanza kuliuliza kama litamuua.