Mafiga Yaliyobaki Porini

Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba moyo wa mtu unakaa jikoni. Bibi ndiye aliyenifundisha hivyo, na Bibi hakuwa mtu wa kubishiwa. Alikuwa mama yake baba, mfupi, sauti yake kubwa kuliko kimo chake, na kila jambo alilianzia kwa babu yake aliyekuwa mpagazi katika misafara ya kwenda pwani. Eti babu huyo, kila alipotaka kuondoka na mzigo begani, alilamba kwanza jivu la jiko la mama yake. "Ndiyo maana alirudi kila mara," Bibi alisema. "Wasiolamba walizikwa njiani." Sikuwahi kumwuliza alijuaje, maana angenijibu mpaka jioni.

Siku zile tuliishi porini upande wa Sikonge, nyumba yetu peke yake, na mizinga ya nyuki ya baba juu ya miti na shamba la karanga la mama. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lori lilifika asubuhi, tukaambiwa tupakie upesi kwa kuwa wengine walikuwa wanangoja. Tulipakia vyungu, kuku, kinu, hata mlango. Mafiga yakabaki. Kwetu mafiga hayakuwa mawe. Yalikuwa vichuguu vidogo vya mchwa, vimechongwa na kusimikwa jikoni, na moto wa miaka umevifanya vigumu kama tofali. Bibi alitaka yang'olewe. Dereva akacheka, akamwambia huko mnakokwenda vichuguu ni tele. Alisema kweli, lakini Bibi hakuwa anazungumzia wingi. Baba alimnyanyua akampakia juu ya lori akiwa bado anagomba.

Mama hakugomba. Alikaa nyuma kabisa, akatazama tulikotoka mpaka vumbi likafunika kila kitu.

Sasa mama yangu ninayemsema alikuwa mwanamke wa vicheko na makelele. Akitwanga aliimba, na usipokuja alipokuita, mwiko ulikufuata. Kule kijijini aliacha kuimba, halafu akaacha kutwanga. Aliamka kabla ya jogoo, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka jua likapanda, na kanga ileile mwilini. Ukimwita aliitika baada ya kitambo, kama vile sauti ilibidi ikachotwe kisimani. Uji wake ulipoa ukafanya utando. Siku moja nilimsuka nywele, nami sikujua kusuka. Nilivuta, nilifunga, nikaharibu. Hakulalamika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa kuwa mama niliyemjua angenifukuza na chanuo.

Majirani wapya walikuwa na majibu yao. Kuna waliosema ni mvivu, kuna waliosema amerogwa. Baba kila siku alifungua baiskeli yake na kuifunga tena, ingawa haikuwa na ubovu. Bibi ndiye aliyetoa hukumu. "Hakuna aliyemroga. Moyo wake haukupanda lori. Uko kwenye mafiga."

Basi tukaenda kuufuata, Bibi na mimi, kwa miguu, viazi vya kuchemsha kwenye kifurushi. Tulipofika, Bibi alisimama mbele ya kuta zisizo na paa akapaza sauti: "Mwangaluka!" Ndivyo tunavyosalimiana asubuhi kwa Kinyamwezi, na ilikuwa ni alasiri, lakini sikuthubutu kumsahihisha.

Mvua zilikuwa zimetutangulia. Mafiga mawili yalikuwa yamesimama. La tatu lilikuwa limemomonyoka, limebaki kifusi chekundu. Bibi alichuchumaa akakitazama kifusi kile muda mrefu, kisha akavua kanga yake ya juu akakizoa chote. "Udongo ni uleule," akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu.

Kabla ya kuondoka alikwenda nyuma ya nyumba, palipokuwa na kaburi dogo la mdogo wangu Maganga, akang'oa majani yaliyoota juu yake. Maganga alikufa hata meno hajaota. Kwetu mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga, na jina lake halikutajwa tena, ili atakayemfuata asiogope kuja. Kwa hiyo Bibi aling'oa majani kimya, nami nikamsaidia kimya. Nilidhani tunafanya usafi tu.

Nyumbani Bibi alikanda udongo ule na maji, akamshika mama mkono akauzamisha humo. Walifinyanga figa pamoja, mkwe na mkwe, Bibi akiongea kwa wawili. Machozi yalikuwa yanamdondoka mama, lakini vidole vyake vilifanya kazi. Figa lilitoka limepinda, wakalisimika jikoni pamoja na mawili ya palepale kijijini. Bibi akalisifu kama limeshuka mbinguni.

Nililala na furaha nikijua kesho mama yangu atanigombeza. Kesho yake nilimkuta ukingoni mwa kitanda.

Bibi aliposhuhudia hilo alikwenda nyuma ya banda la kuku akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, na sikujua kama inaruhusiwa. Aliporudi alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. "Figa moja haliinjiki chungu," akamwambia baba. "Mimi nimeweka langu. Toa baiskeli."

Baba alikunja blanketi letu zuri akalifunga kwenye keria ili mama asiumie, akamsukuma taratibu mpaka zahanati, Bibi na mimi tukifuata nyuma. Nesi wa pale alikuwa mwanamke mtu mzima. Alimpa Bibi shikamoo, akasikiliza habari yote ya lori, mafiga na babu mpagazi bila kucheka. Kisha akasogeza kiti chake karibu na mama.

"Unalala, dada?"

Mama akatikisa kichwa.

"Uliacha nini kule?"

Bibi akafungua mdomo, lakini nesi alimwinulia kiganja kwa adabu. Tukangoja. Nje kulikuwa na mtu anakata kuni, na nakumbuka ilifika mahali naye akaacha.

"Mwanangu," mama akasema. "Nilimwacha Maganga peke yake."

Baba aligeukia ukutani. Bibi alikaa chini, palepale sakafuni, akamshika mama miguu. "Nami nilikukataza kumtaja," akasema. "Nisamehe, mwanangu."

Nesi alitueleza kwamba huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, si uvivu wala si kurogwa, akatuandikia twende hospitali mjini Tabora. Huko daktari alimpa mama vidonge, akatuonya kwamba dawa yenyewe haina haraka na asiiache hata akijisikia nafuu. Alimtaka arudi kuongea naye, na mama alirudi, safari baada ya safari. Bibi akawa askari wa vidonge, anavitoa kwa asali. Na kila baba alipokwenda kurina asali kule porini alimpakia mama kwenye keria wakapitia kaburini. Jina la Maganga likaanza kusikika nyumbani kwetu, hata kwenye mazungumzo ya karanga.

Siku za mavuno, asubuhi, chungu kiliegemea lile figa lililopinda na uji wote ukamwagika motoni. "Nani amefinyanga uchafu huu?" mama akafoka. "Kabula! Unacheka nini? Lete maji!" Sikuwa nacheka, nilikuwa nalia. Bibi, mlangoni, alimwitikia kwa vigelegele, na jirani mmoja akaja mbio akidhani kuna harusi.

Siku hizi ugonjwa ule unaitwa sonona, na mimi naujua kwa jina na kwa sura. Mwaka niliofiwa na mume wangu ulinikuta nyumbani kwangu Mtendeni, mjini Tabora, mtu mzima mwenye jiko la gesi, nikashindwa hata kuoga. Watu waliniambia nijikaze. Mama alikuja kwa basi, mzee wa fimbo, akaketi ukingoni mwa kitanda changu. Hakunipa pole wala hakunihimiza. "Kesho tunakwenda hospitali," akasema. "Leo niambie umeacha nini." Kisha akangoja.

Nilimwambia. Ilichukua mchana mzima. Bibi alikosea kuhusu mahali moyo ulipokuwa, lakini alijua ulikuwa umebaki nyuma na kwamba mtu hawezi kuufuata peke yake, na kwa hilo tu namwombea kila siku.

Nilipomaliza, mama alichukua chanuo akaanza kunisuka. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu. Alivuta mpaka nikapiga kelele, "Mama, unaniumiza!"

"Vizuri," akasema, akaendelea kusuka.