Pasi ya Udongo

Bibi wa Kijerumani niliyemfulia nguo pale misheni alikuwa na pasi ya shaba yenye tumbo tupu. Mtu alipasha motoni kipande cha chuma, akakitia tumboni, akanyoosha. Tumbo lilipopasuka bibi aliitupa pasi, nami nikamwomba kile chuma. Aliuliza cha nini. Nikasema sijui. Nilidanganya, nilikuwa nimekwisha kupanga kila kitu.

Mama yangu alikuwa abatizwe Jumapili, baada ya kuahirishwa mara mbili. Nilimwahidi kwamba shuka lake jeupe halitakuwa na kunyanzi hata moja. Hakuna aliyeniomba ahadi hiyo. Kunyoosha nguo nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia dirishani, na aliyejifunza hivyo hana wa kumwambia kwamba sasa imetosha.

Nilitoka kijijini Ikolo nikashuka ziwani kwa mfinyanzi mmoja, mama wa Kikisi, nimweleze tumbo la pasi ninalotaka.

“Mimi nafinyanga vyungu, mwanangu. Hiki ni kiatu.”

“Ni pasi, mama.”

“Sawa. Kiatu cha mguu upi?”

Alikifinyanga hata hivyo, akakisugua kitako kwa kokoto, akakichoma pamoja na vyungu vyake. Nilipokwenda kukichukua alinionya nisitie chuma kikiwa chekundu, maana udongo utapasuka. Ningoje kirudi kuwa cheusi.

“Ningoje kwa muda gani?”

“Mpaka uache kuuliza.”

“Ndaga, mama,” nikashukuru, nikaondoka nikiwa bado sijui ni muda gani.

Jumamosi chuma kilipata moto, nikangoja, udongo haukupasuka. Ningeanza kunyoosha hapo hapo. Lakini kwetu pasi hupitishwa kwanza juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze. Hupitishwa mara moja. Mimi nilimaliza majani sita, kwa sababu kila mara niliona ingeweza kuteleza zaidi kidogo.

Shaba hainywi kitu. Udongo hunywa, na nimekunywa maji ya mtungini maisha yangu yote bila kulifikiria jambo hilo. Nilipoituliza pasi juu ya shuka, joto liliurudisha utomvu wote wa yale majani sita. Nilipoinua, palikuwa na alama ya kahawia, mahali pa kifua. Ilifanana na kiatu. Cha mguu wa kushoto.

Utomvu wa mgomba hautoki. Nililijua hilo, lakini nilisugua kwa sabuni, kisha majivu, kisha ndimu. Shuka likazidi kuwa jeupe, na alama ikazidi kuonekana.

Nilimpelekea mama, nikamwambia yote, hata habari za majani sita. Nilimwambia aombe kuahirishwa tena.

Alilitazama shuka. “Si wanasema kesho ndiyo naoshwa?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi nikienda safi kabisa wataosha nini?”

Akalivaa. Jumapili alisimama wa tatu katika mstari, mikono chini, bila kuificha alama. Mimi nilikuwa benchi la pili, nikiangalia kama mchungaji anaiangalia. Hakuiangalia. Niliangalia kama wazee wanaiangalia. Mmoja alipiga chafya. Niliendelea kuhesabu macho ya watu mpaka wakaanza kuimba, nami nikatambua kwamba maji yamekwisha kumwagwa.

Njiani kurudi ilinibidi nimwulize mama amepewa jina gani.

“Hukuwepo?” akasema.

Nikamwambia nilikuwepo.

Alinitajia, mara moja tu, akaendelea kutembea.