Besi ya Baba Wegesa

Niamini kwa sababu kisa hiki kinaniaibisha, na mtu hajitungii aibu. Tena hakikutokea usiku, kama mnavyopenda visa vya namna hii. Ilikuwa saa nane mchana, Nyasura, Bunda, jua la kukausha dagaa, na nilikuwa nimeshiba vizuri.

Mimi napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu huko Kigera, Musoma. Ndiyo, mwanamke. Wa kushangaa walishashangaa wakachoka. Shida ilikuwa gitaa lenyewe. Shingo ilikuwa imepinda, na uzi mnene kila ukigongwa ulikwaruza kama nzi aliyenaswa kwenye chupa. Mwalimu wa kwaya alinivumilia mwaka mzima. Tulipopata siku ya kurekodi, Jumamosi, akaniambia mbele ya wenzangu: "Dada, likikwaruza studio, besi naweka ya kinanda." Unajua maana yake? Kinanda kikishashika besi, mpiga besi anarudishwa kuimba sauti ya pili. Na mimi kuimba kwangu hata mama yangu hakutamani.

Nikaanza kutafuta jingine. Miezi mingi nilikuwa nasoma mtandaoni habari za nyuzi nne na nyuzi tano, mbao nzito na nyepesi, amplifaya za kila aina, mpaka nikajua kila kitu isipokuwa ninunue lipi. Alhamisi ya wiki hiyo nikaona picha kwenye kundi la WhatsApp la wanamuziki wa makanisa: magitaa mawili ya besi yanauzwa kwa Mama Wegesa, Nyasura. Nikampigia. Akasema, "Njoo mwanangu. Ukinikosa nitakuwa nimeenda mashineni kusaga. Kaa barazani unisubiri." Hakuniambia zaidi ya hapo.

Barazani nilimkuta baba mmoja kwenye kiti cha plastiki. Alivaa kofia ya sufu, pamoja na jua lile lote, na mguu wa kushoto alikuwa ameunyoosha kama mwenye ugonjwa wa goti. Magitaa yalikuwa yameegemezwa ukutani: moja jekundu la nyuzi tano, linang'aa, jingine la kahawia la nyuzi nne, rangi imebanduka pale mkono unapolala. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikajua ndiye mwenye nyumba. Wewe ungejua nini kingine?

Nililikimbilia jekundu, bila shaka. Akaniacha nipige weee, kisha akasema, "Hilo nilinunuaga kwa ajili ya macho ya watu. Jaribu hilo lingine."

"Bila amplifaya nitalijuaje, baba?"

"Weka taya lako hapo juu kwenye mbao. Gonga uzi mnene, usiuzime. Subiri."

Nikaweka taya. Mlio ukaingia kwenye meno, ukashuka kifuani, ukakaa humo. Nikarudia kwa jekundu, ukafa mapema. Jamani, nilifurahi kama mtoto! Akanielekeza nilishike la kahawia nichungulie shingo kuanzia mwisho, kama seremala anavyokagua ubao, nikaona imenyooka. Nikamuuliza maswali yote niliyokuwa nayo. Amplifaya je? Akasema yenye spika moja kubwa inatosha, kwa sababu besi ya kwaya kazi yake ni kuwasimamisha waimbaji, kelele ni za vijana. Jambo moja tu lilinishangaza: hakugusa gitaa hata mara moja. Muda wote alikuwa akigonga paja lake kwa vidole viwili.

"Ukilichukua," akasema, "lianzie kazi Butiama. Huko ndiyo kwetu."

Nikacheka, nikamwambia kwanza turekodi, Butiama nitafika siku nyingine. Yeye hakucheka.

"Hata lile lako lenye shingo mbovu lingetosha siku ile."

Siku ipi? Na habari za shingo nani kampa? Nilikuwa nafungua mdomo kuuliza, geti likalia, nikageuka. Ni Mama Wegesa, amejitwisha ndoo ya unga.

"Shikamoo mama. Nimeshachagua," nikamwambia, gitaa la kahawia likiwa mapajani.

Akatua ndoo. "Binti, wewe ni wa wapi? Unaingia nyumba ya msiba, pole hutoi, unaanza na biashara?"

Niseme ukweli, neno hilo lilinichoma. Kwetu Mara hata ukienda kumuulizia ng'ombe wako aliyepotea, kwenye nyumba iliyofiwa unaanza na pole.

"Pole ya nani, mama?"

"Ya Baba Wegesa, mwenye magitaa. Mwezi wa tatu huu."

"Si huyu hapa," nikasema, nikageuka kumwonyesha.

Kiti kilikuwa kitupu. Ukutani jekundu halikuwepo. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye fundo la kanga yake. Alifungua mbele ya macho yangu. Jekundu lilikuwa ndani, kwenye begi lake, zipu imefungwa na vumbi limetanda juu. La kahawia nilikuwa nimelishika mimi.

Akaniuliza huyo mtu alikuwaje. Nikataja kofia, mguu, vidole viwili pajani. Akakaa sakafuni. Nilipomwambia habari za Butiama, akajifuta macho kwa kanga.

"Tulimzika bila besi," akasema. "Mpiga besi wa kwaya alikuwaga yeye tu. Wakampigia simu dada mmoja wa Musoma aje awasaidie, akasema ana malaria."

Hapo ndipo nilipoogopa. Aliyekuwa kwenye kiti hakunitisha kiasi hicho. Simu ile niliikumbuka: namba ngeni, mwanamke analia, mwanakwaya wetu amefariki, tunazika Butiama, hatuna mpiga besi. Malaria sikuwa nayo. Niliona haya kwaya ya Bunda isikie gitaa langu likikwaruza. Basi.

Sikumwambia. Nikatoa pole, nikalipa, nikaondoka na gitaa. Najua unavyonifikiria.

Jumamosi studio gitaa halikulia. Fundi mitambo akabadilisha waya mara tatu. Akachomeka gitaa la mpiga solo kwenye waya uleule, likalia. Langu nikiweka taya nasikia mlio mzima, kwenye spika kimya. Mwalimu hakugomba hata. Alimwonyesha mpiga kinanda kwa kidevu, mimi nikaenda kukaa kwenye benchi, nikalia.

Jumapili baada ya ibada nikampigia Mama Wegesa, nikamwambia dada wa malaria ni mimi. Akaniuliza kama gitaa bado ninalo. Kisha akasema, "Kesho twende."

Kaburi liko Butiama, nyuma ya nyumba ya ukoo, karibu na mihogo, udongo bado mwekundu. Nilibeba spika ndogo ya kuchaji. Kabla ya kuchomeka nikasema kwa sauti, "Baba, nisamehe. Sikuwa na malaria." Nikagonga uzi mnene. Ukalia! Kuku walitimka. Nikapiga wimbo wa kuzikia, taratibu, Mama Wegesa akiimba peke yake. Kwenye ubeti wa mwisho niliuzima uzi kwa kiganja, kama kawaida, lakini ukaendelea kulia chini ya mkono wangu mpaka mama alipomaliza. Nimejaribu nyumbani mara nyingi kufanya vile. Haiwezekani.

Fundi alilifungua gitaa baadaye, hakukuta ubovu wowote. Nalipigia kila Jumapili. Rekodi yetu ipo, nzuri tu, na besi yake ni ya kinanda mpaka leo. Ikichezwa kwenye gari la mtu huwa natazama nje.

Kwa hiyo wewe unayepiga chombo chochote, ukiitwa msibani, nenda. Usianze kukagua ulichonacho. Na ukimkuta mtu barazani kwa watu, muulize jina kabla ya kumuuliza amplifaya.

Lile la shingo mbovu sikulitupa. Limetundikwa karibu na mlango. Mwezi uliopita walinipigia kutoka Kibara, kuna mazishi, nikalibeba hilo kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono. Lilikwaruza kuanzia wimbo wa kwanza mpaka udongo wa mwisho. Watu walikuwa wanalia, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia.