Viti 1,009 Vilivyokataa Kupangika

Wadau, kazi yangu ni kupanga viti vya sherehe. Miaka kumi na moja sasa, na sijawahi kugombana na kiti hadi siku ile.

Yalikuwa mahafali ya chuo. Wahitimu 1,009, viti 1,009.

Mama mkuu wa chuo akanipa sharti moja tu. "Mistari yote iwe sawa. Nisione kiti kimebaki pembeni."

Nikasema hilo dogo. Mdomo huu!

Mistari ya ishirini ishirini, vikabaki tisa. Kumi na tisa, viwili. Ishirini na nane, kimoja. Jua linachoma, jasho mpaka kwenye soksi.

Nikamgeukia shemeji yangu, ndiye niliyekuja naye.

"Shem, umehesabu vibaya."

"Mimi? Hesabu mwenyewe basi!" Akatupa glavu chini.

Tukawa tunatazamana kama majogoo.

Mama mlinzi wa getini akaja taratibu. "Wanangu, msiuane. Nimevihesabu vikiingia. 1,009 kamili."

"Sasa mbona havigawanyiki?"

"Hiyo namba tasa. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi."

"Si nimejaribu mpaka ishirini na nane tu? Huko mbele je?"

"Ukivuka thelathini na moja, pumzika. Namba kubwa ikigawanya, lazima iwe na mwenzake ndogo, na ndogo zote zimegoma."

Mlinzi huyu!

Nikampelekea mama mkuu habari. Hata hakuinua macho. "Toa kimoja. Aliyeongezwa mwisho kwenye orodha akae nyuma na wageni."

Nikarudi na kuwasimulia shemeji na mama mlinzi.

"Aliyeongezwa mwisho ni mimi," akasema mama mlinzi. "Nami nahitimu leo, jina limeingia jana tu. Usijali mwanangu, nitasimama getini. Nimezoea."

Shemeji akaokota glavu zake. Tukapanga mistari thelathini na sita ya viti ishirini na vinane. Kile kimoja tukakiweka mbele kabisa, katikati, peke yake, tukamketisha mama mlinzi.

Mama mkuu alipokiona, akanikodolea macho hayo! Ila mgeni rasmi alishaketi.

Mgeni rasmi akashika kipaza sauti. "Naona mwanafunzi bora mmemtengea kiti chake. Hongera sana! Asimame tumpigie makofi."

Mama mlinzi akasimama, joho juu, buti za ulinzi chini. Uwanja mzima ukalipuka. Mama mkuu naye akapiga makofi, angefanyaje?

Baadaye nikamfuata mama mlinzi getini. "Mama, kumbe ulikuwa wa kwanza!"

Akacheka mpaka akashika nguzo ya geti.

"Wa kwanza wapi? Nilikuwa wa mwisho, mwanangu! Nilifeli kwa alama moja. Nikakata rufaa, wakasahihisha upya, alama ikapatikana jana."

Tangu siku hiyo, hesabu ikinigomea sikimbilii kumtoa mtu. Nabadilisha mpangilio kwanza.

Na shemeji nilimwomba radhi. Alikuwa amehesabu sawa.